Nani Atamkataa Kasmiri

Mwezi ule vita vilipoanza, Novemba ya sabini na nane, benchi la Penina pale Mwisenge halikukosa watu. Penina aliuza kahawa isiyo na sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika Musoma nzima, na watu waliinywa hivyo hivyo ilimradi wapate habari. Siku hiyo habari ilikuwa moja: Kasmiri amependekezwa awe mkuu wa mgambo wa mkoa, na kesho yake mkutano wa chama ungeulizwa kama unaafiki.

Machage, balozi wa nyumba kumi, hakuchangia neno. Mwanawe Mseti alikuwa kambini Bunda na mgambo wenzake, wakingoja kupelekwa mpakani. Na Kasmiri alikuwa rafiki wa Machage tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe pamoja Butiama. Kasmiri watu walimwita Kipaza, kwa sauti yake iliyofika mwisho wa uwanja bila msaada wa chombo chochote. Alijua kuwahimiza wakulima walime pamba. Bunduki hakuwahi kuishika.

Silasi, ambaye walimbatiza Redio kwa kuwa hakosi la kutangaza, alidai Kasmiri amepata cheo kwa kuwasifu wakubwa waliokuja kukagua pamba. Kwenye kikombe cha pili akasema hapana, huo ni mpango, adui asikie kachaguliwa mtu asiyejua vita, abweteke. Kufikia cha tatu alikuwa na hakika kwamba Kasmiri atasimamishwa kando ya ziwa apige kelele tu, adui adhani jeshi zima limefika.

– Wacha, Redio – alisema Wanzagi, mzee waliyemwita Keya kwa kuwa alipigana Burma enzi za Mwingereza. – Mimi nilishaongozwaga na mtu asiyejua kazi. Niliokwenda nao, wengi niliwaacha huko.

Hapo Kasmiri mwenyewe akatokea upande wa sokoni, akaketi mwisho wa benchi. Penina alimpa kikombe, hakukipokea.

– Najua mnanisema. Semeni tu. Ila nijibuni moja. Kesho nani atasimama anikatae?

Alisema kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea. Silasi akachungulia ndani ya kikombe chake. Wanzagi akakohoa. Machage alidhani ni vitisho, hadi alipomwona rafiki yake akiwatazama mmoja mmoja kama anayeomba.

– Si ukatae mwenyewe? – Penina akauliza.

– Wakati wa vita, mama? Nikikataa nitaitwa msaliti. Nikikubali nitaua watoto wa watu. – Akamgeukia Machage. – Na Mseti yumo.

Akainuka, akaenda zake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na wale wa benchi, waliokuwa na maneno tele jana, wakatazama sakafu. Machage akasimama.

– Ndugu mwenyekiti, Kasmiri hajui bunduki. Asipewe watoto wetu.

Mwenyekiti akataka kujua ametumwa na nani kuvuruga mkutano. Machage akatazama meza kuu. Kasmiri alikuwa ameinamisha kichwa. Jibu la kweli lingemwokoa Machage, na lingemmaliza Kasmiri pale pale.

– Sijatumwa na mtu.

Kisha Wanzagi akajiinua kwa fimbo yake, akasema naye hamtaki. Akafuata mwingine, na mwingine, hadi mwenyekiti akaliondoa jina lile. Kazi akapewa kapteni mstaafu kutoka Manyamanyama. Mseti akaenda vitani chini yake, akarudi anachechemea, lakini akarudi.

Machage hakusamehewa. Kabla hata mgambo hawajaondoka Bunda, uliitishwa mkutano wa hadhara uwanjani, kutangaza kwamba amevuliwa ubalozi kwa kuwavunja wananchi moyo wakati wa vita. Aliyepewa kusoma uamuzi alikuwa Kasmiri, kwa kuwa ndiye msomaji wao siku zote. Machage alisimama mbele, mikono nyuma, wala hakumtazama. Kasmiri aliusoma wote, neno kwa neno. Waliokuwa nyuma walinung'unika kwamba hawasikii kitu.