Bwana Alinitoa Kwenye Flashi ya Shingoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe Mbeya kwenye baridi yake, asifiwe Iringa kwenye mawe yake! Kamwene, nawasalimu!

Mnayemwona hapa ni mtu wa miaka arobaini na sita. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kutembea. Nimeuza nyanya barabarani Ilula, nimechoma tofali Uyole, nimepiga picha za harusi Mafinga. Nikiwa Mbeya naota Ilula, nikiwa Ilula nautamani ukungu wa Mbeya. Ndugu zangu, lile lilikuwa gonjwa, na nusura limpotezee mjane shamba lake.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kupima ardhi, Ilomba. Tuko wanne. Mimi ndiye wa vijijini: natembea mipakani na wenye mashamba, napiga picha, majirani wanaweka dole gumba kwenye fomu, naziskani. Kazi yote hiyo niliitunza kwenye flashi moja niliyoifunga kamba na kuivaa shingoni. Nililala nayo! Moyoni nilisema, hii ni kazi yangu, hakuna wa kuigusa. Kilikuwa kiburi, nakiri mbele yenu.

Ofisini tuna dada mmoja, Atupele, mzaliwa wa Tukuyu. Alichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafu, akaifuta vumbi, akaipandisha juu ya tofali mbili ili maji ya kudeki yasiifikie. Akaiongezea diski ya pili, akaiunganisha kwa waya na kompyuta zetu nyingine. Ndani yake akaweka folda moja, akaiita KAZI, ambayo kila mmoja wetu anaifungua akiwa mezani kwake. Kompyuta ile haina kioo wala kibodi. Inavuma tu pale pembeni, ikitunza mafaili ya ofisi nzima. Kila Ijumaa dada ananakili yote kwenye diski ya pili. Na akaweka sheria: hakuna kuprinti kutoka kwenye flashi. Faili liingie KAZI kwanza.

Nilimcheka. "Dada, hilo sanduku likizima tumekwisha wote."

"Gwe, wewe kaka," akanijibu, "na hiyo ya shingoni ni hirizi? Sema tu, tukuombee."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika matumbo. Niliumia! Siku moja nikataka kuprinti karatasi moja tu ya mahudhurio, akagoma. Nikamtupia flashi mezani nikatoka kwenda kunywa chai kwa hasira.

Sasa sikieni. Kwenye kijiji kimoja upande wa Idodi, Iringa, kuna mjane tuliyempimia shamba, Mama Twilumba. Shemeji yake aliibuka akidai kwamba mpaka wa shamba umesogezwa, na kwamba tulipima kwa siri. Mzee jirani aliyeweka dole gumba alikuwa ameshafariki. Fomu ya karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa. Kikao cha baraza kilikuwa Alhamisi, na ushahidi wote uliobaki ulikuwa shingoni mwangu.

Jumanne nilitakiwa kushuka basi Iringa mjini, niprinti. Sikushuka! Moyo uliniambia, Ilula ni pale mbele tu, kawaone wenzako wa nyanya. Nikafika. Hakuna aliyenijua. Makreti yalikuwepo, nyuso zilikuwa nyingine. Kwa unyonge nikaingia steshenari, nikasema angalau niprinti hapa, nyumbani.

Flashi ile ilikuwa imechomekwa kwenye kila kompyuta niliyokutana nayo tangu Mbeya. Mafolda yote yakawa shotikati zisizofunguka. Virusi! Mama mwenye duka akasema, "Baba, inaomba ifomatiwe. Nibonyeze?"

Nikajibu, "Bonyeza tu, mama." Sikujua ninachokisema. Akabonyeza. Ikabaki tupu!

Ndugu zangu, nilipiga magoti nyuma ya makreti ya nyanya, mtu mzima, watu wakinitazama. Nikasema, Bwana, mimi nimezoea kupotea, ila usimpoteze yule mama. Kisha nikampigia Atupele.

"Dada, flashi imekufa."

"Imekufa au umeiua?"

"Nimeiua."

Akasema, "Ngoja. Umeme umekatika huku tangu asubuhi."

Nilingoja mpaka saa kumi. Kwa saa zile Mungu alinionyesha maisha yangu yote: kila kitu nilikibeba mwenyewe, na kila mahali niliondoka bila kumwachia mtu kitu. Simu ikaita.

"Kaka, ile siku uliyonirushia flashi, ulidhani nilichukua karatasi moja? Niliingiza vyote KAZI. Mama Twilumba yupo hapa, picha zake na fomu."

Nililia kwa sauti! Jioni ile ile akanitumia kila kitu kwenye simu, na Jumatano nikaprinti Iringa mjini.

Alhamisi shemeji akasimama barazani, akasema, "Sikuitwa, sikuwepo, sijui lolote." Mwenyekiti akapitisha picha. Mzee marehemu alikuwa anaonyesha kwa kidole jiwe la mpaka, na aliyeshika ncha ya pili ya futi ya kupimia ni shemeji mwenyewe, meno yote nje!

Mama mmoja wa nyuma akaita, "Shemeji, si kofia hiyo hiyo uliyovaa?"

Akaivua haraka. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mpaka ukabaki pale pale ulipo. Mama Twilumba hakupiga hata kigelegele. Alikaa chini kwenye udongo, akakunja mikono, akasema, "Basi msimu huu nitalima bila kuangalia nyuma."

Ninamshukuru Mungu kwa kauli ile. Ninamshukuru kwa dada Atupele, aliyetunza kazi ya mtu aliyemdharau. Siku hizi nikirudi ofisini, kabla ya kuvua viatu naweka kila kitu kwenye KAZI.

Na wewe ndugu yangu unayenisikia, kama kuna kitu umekikumbatia peke yako na wengine wanakitegemea, kiachie leo. Mwamini Mungu, mwamini na yule aliyemweka karibu nawe. Nitakuwa benchi la mbele baada ya ibada. Njoo tuombe.