Maisha ya Dada Yetu, Mwonjaji wa Wiski

Ndugu waombolezaji, hebu tuone pamoja chumba cheupe chenye dirisha moja, meza ndefu isiyo na kitambaa, bilauri ndogo zilizofunikwa visahani ili harufu isitoroke, na watu watano waliokaa kimya, kila mmoja na ndoo yake ya kutemea. Yule wa mwisho mezani, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ndiye dada yetu tuliyekuja kumzika leo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba fundi viatu na mama muuguzi, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akajifunza kupiga chapa, kazi iliyompeleka mwaka 1983 kwenye kampuni ya kuagiza vinywaji, ambako mwonjaji mmoja alipopata mafua aliombwa akalie kiti chake kwa siku moja tu, na kiti hicho hakukiacha kwa karibu miaka arobaini. Mama yetu, ambaye hakuwahi kugusa pombe, alimuuliza, "Mwanangu, kazi gani hiyo ya kuamkia chupa?" naye akamjibu, "Mama, wengine wanakunywa, sisi tunatema," jibu ambalo mama alilirudia kwa majirani hadi uzeeni, nusu akicheka, nusu akijitetea.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa makufuli, wakajaliwa binti na mwana wa kiume.

Kazini, alipokuwa mkubwa wa waonjaji, alikuwa na desturi yake, kwamba mkubwa azungumze mwisho, kwa sababu mkubwa akishasema "zabibu", wadogo wote watanusa zabibu, na mara nyingi aliwatega wenzake kwa kujifanya hajui kitu.

Agosti 2021 alianza kutokwa damu puani, madaktari wakakuta uvimbe nyuma ya pua, akapasuliwa, akapigwa mionzi, akarudi kazini Machi 2022 bila kumwambia mtu, hata mumewe, kwamba hasikii tena harufu, maana kazi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki ya kumtoa kitandani.

Wiki hiyo ililetwa wiski ya kimea kitupu, yaani shayiri iliyooteshwa bila nafaka nyingine, kutoka Ayalandi, iliyokomazwa kwenye mapipa yaliyowahi kutunza mvinyo wa sheri, na kampuni ilitaka kujua kama wiski hiyo inamfaa mtu anayeanza tu kujifunza wiski. Wenzake wakasema zabibu kavu, ganda la chungwa, lozi, mdalasini, kisha wakamgeukia. Maneno hayo yote alikuwa nayo mdomoni, angeweza kuyatoa na kuongeza yake, na hakuna ambaye angejua. Alifunua kisahani, akanusa, akapata ubaridi wa bilauri tu, akasema, "Mimi sisikii harufu yoyote." "Ah, dada, leo hutunasi!" akacheka aliyekaa karibu naye, wakacheka wote, hadi walipoona yeye hacheki. Ndipo akaonja, akatema, akawaeleza polepole kile ambacho ulimi ulikuwa umebakiziwa: kwamba inaanza na utamu, haichomi koo, mwishoni inakausha mdomo kidogo kama chai iliyokolea majani, hivyo mgeni ataisogelea bila hofu. "Mengine andikeni mliyosema nyie," akamalizia, "mimi siyajui." Siku hiyohiyo alivua koti lake jeupe la kazi, hakulivaa tena, nasi hatutawadanganya kwamba hakulia.

Uvimbe ulirudi, na miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Mumewe alikaa naye dirishani akimsimulia harufu za nyumba: "Mke wangu, nguo zimekauka, zinanukia jua, na jirani ameunguza vitunguu tena." Siku alizopata nguvu dada alimhoji, "Vimeungua, au vimeiva sana?" na fundi wa makufuli akatoa kichwa nje kunusa upya.

Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha ukweli, majirani, wakiwemo wenye vitunguu, waliopokezana kupika na kufua, na wenzake wa kazini ambao hawakuacha kuja kumwona.

Pumzika, dada yetu, umechoka vya kutosha, amani ikufunike. Nanyi mliokuja kumsindikiza, hasa watoto mlioketi mbele, tunawaomba mkifika nyumbani mkumbuke jambo moja tu: kwamba maneno mazuri alikuwa nayo yote mdomoni, akayaacha.