Aliyemzaa Bi Chelewa

Kila Ijumaa baada ya swala, kivuli kikishafika kwenye benchi iliyo nyuma ya kituo cha metro pale Al Qusais, kijiwe hufunguliwa. Mzee Abdullatif, Mzanzibari aliyekaa Dubai miaka arobaini hadi akabatizwa Babu Visa, huja na chupa ya kahawa chungu. Henry, Mkenya anayeendesha foklifti ghalani, huja na kelele, wanamwita Injinia. Boaz, mlinzi, huja na masikio tu. Huyo ndiye Kimya.

Siku hiyo simu ya Henry ilikuwa ikicheza hadithi ya Bi Chelewa, gari-moshi kongwe ambalo watoto kuanzia Nakuru hadi Maskati hulisikiliza kwenye WhatsApp. Hakuna aliyemjua msimulizi wake. Hakuna, ila Boaz, maana alikuwa ni yeye. Caren, bintiye wa miaka sita, alivunjika mguu huko Kitale, akawa halali kwa maumivu. Baba mtu akajificha kwenye ngazi za jengo lao, akabana sauti kama ajuza, akamrekodia hadithi ya treni. Shemeji akamtumia rafiki, rafiki akalitumia kanisa zima. Sasa hadithi zimefika hamsini, na Boaz hajathubutu kusema. Mlinzi mzima, na sare yake, anapiga honi kwa mdomo? Kijiwe kingemcheka mpaka visa iishe.

— Huyu shosho, huyu bibi anasimulia, ni wa Voi, alianza Henry. Bwanake alikuwa dereva wa reli ya zamani. Si unaskia vile anafunga breki? Hiyo ni kitu alisomea kwa ndoa.

— Toka hapa! Babu Visa alimkata. Huyo Mzanzibari. Unguja tulikuwa na treni ya Bububu, nyie mkipanda punda. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na hiyo methali inaingilia wapi?

— Inaingilia Bububu, inashukia Darajani.

— Basi niwaambie ukweli, khalas, ubishi uishe. Metro yetu hapa iko na dereva?

— Haina.

— Inajiendesha. Sasa kitu inajiendesha itashindwa kupiga stori? Ni metro yenyewe! Ikipaki tu, inarekodi.

— Metro imejulia wapi Kiswahili?

— Si ni sisi tunaipanda kila siku? Haba na haba hujaza kibaba.

Babu Visa alicheka hadi kahawa ikamwagikia kanzu. Boaz aliinamia kikombe chake, masikio yakimchoma kama ya mwizi anayesikiliza watu wakimsaka.

Mara akatokea Mawadda, mjukuu wa Babu Visa, muuguzi, amekuja kumchukua mzee.

— Shikamoo, babu.

— Marahaba, mwanangu. Hebu tuamulie. Nani huyu anayesimulia Bi Chelewa?

— Mie sijui, babu. Ila ile ya mwanzo kabisa nimeisikia. Anasema, hii ni ya mwanangu aliyevunjika mguu. Yule mtoto alipona?

Babu Visa alimtazama Injinia. Miezi yote hiyo ya ubishi, na swali hilo halikuwahi kumpitia mtu kichwani.

— Alipona, alisema Boaz. Jumatatu alienda shule kwa miguu yake. Anachechemea kidogo, lakini alifika.

— We Kimya! Henry alimgeukia. Umejuaje?

— Ni mwanangu.

Boaz akafumba macho kungoja kicheko. Hakikuja. Alipoyafumbua, Henry alikuwa amesimama, anampigia simu mwanawe nyumbani Kakamega.

— Nick? Hebu ongea na mtu hapa.

Akamkabidhi simu. Boaz alikohoa, akabana koo, akapuliza honi ndefu hadi watu waliokuwa wakingoja basi ng'ambo ya barabara wakageuka wote.

Simuni kikatoka kisauti kikali:

— Bi Chelewa! Mbona leo umechelewa?

— Nilisimama kusalimia watu, mjukuu wangu.