Kurasa Nne za Zdislava Hrubá

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko njiani, na ninyi mliolala kwa maradhi huku redio ikiwaliwaza, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Zdislava Hrubá. Amefariki Jumanne hapa hapa Brno, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Tangazo lake la kifo, lenye ukingo mweusi, limebandikwa kwenye mlango wa jengo alilokaa miaka hamsini. Chini ya jina pameandikwa: msomaji wa miswada. Basi, hakuna zaidi.

Msomaji wa miswada ni mtu gani? Ni yule aliyeajiriwa na nyumba ya uchapishaji asome kitabu kabla hakijawa kitabu, kisha aandike ripoti. Bila ripoti yake, mswada haukwenda kokote. Na ripoti ile haikuishia mezani kwa mhariri. Ilipanda juu, kwa watu wa serikali wasiojulikana majina.

Mwaka ni 1972. Vifaru vya kigeni vimeingia nchini miaka minne nyuma. Waandishi wengi wamefungwa midomo. Wasomaji wa miswada wamejifunza mbinu moja: kitabu unachokipenda, usikisifu. Kipake vumbi. Andika kwamba kinahusu mabonde na maua, hakina madhara, kichapishwe. Wazee wa kazi walilijua hilo kama wanavyojua njia ya kwenda nyumbani. Zdislava alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, ametoka chuo kikuu, ana miezi mitatu kazini.

Akapewa mswada wa Vojmír Tesárek, mpima ardhi aliyekuwa akiandika siku za mapumziko. Uliitwa "Bonde Lisilo na Mwangwi". Katika riwaya hiyo, wakuu wa bonde wanachoshwa na milima inayorudisha maneno ya watu. Wanaamuru majabali yote yafunikwe kwa mablanketi ya sufu. Wachungaji wanakamuliwa sufu hadi kondoo wanatetemeka. Kidogo kidogo watu wanaacha kuitana, kwa sababu hakuna kinachojibu. Mwishoni mke wa mkuu wa bonde anapotea kwenye ukungu. Anaita, anaita, na hakuna anayemsikia.

Mhariri mkuu, Mzee Kamil Pokluda, alimwita ofisini.

"Binti, umeusoma?"

"Mara mbili, mzee. Nimelia."

"Vizuri. Lilia nyumbani. Hapa andika mistari kumi. Sema ni hadithi ya watu wa milimani, watoto wataipenda."

"Lakini hii si hadithi ya watoto."

"Nimekuuliza? Nina mbuzi mmoja kule shambani kwangu. Kwa kuandika ripoti anawashinda wasomi wote wa chuo kikuu. Anakula, ananyamaza."

Walicheka wote wawili. Juma lililofuata Mzee Pokluda akalazwa hospitali kwa mawe ya figo. Ripoti ikapanda juu bila kupita machoni pake. Haikuwa mistari kumi. Ilikuwa kurasa nne.

Ndani ya kurasa hizo Zdislava alifumbua kila kitu. Sufu ni hofu, aliandika. Kondoo wanaotetemeka ni raia wanaotoa wenyewe kile kinachowaziba. Ukungu ni siku ambayo hata mtawala atahitaji kusikiwa. Aliandika kwa upendo, wasikilizaji wapendwa, kama mtu anayefungua dirisha ili wageni waone bustani.

"Niliona aibu kukidogosha," alimwambia baadaye binti wa kaka yake, Radka. "Nilidhani wakiuona uzuri wake, wao ndio wataona aibu kukizuia."

Februari iliyofuata, wanaume wawili walimfuata Tesárek kazini, wakamchukua. Mahakamani mwendesha mashtaka hakusoma riwaya. Alisoma ripoti. Alizisoma kurasa zote nne, na kila alama iliyofumbuliwa kwa upendo ikawa shtaka.

Zdislava hakukaa kimya. Alikwenda mara tatu kwenye ofisi iliyohusika, kuomba ripoti yake ifutwe. Mara mbili aliachwa kwenye benchi hadi jioni. Mara ya tatu ofisa mmoja akampokea kwa adabu, akampa na kahawa.

"Ndugu Hrubá, unataka kufuta nini? Kuna mahali umesema uongo?"

 Hakuna mahali aliposema uongo.

"Basi nenda ukapumzike," ofisa akasema. "Umetusaidia sana. Sisi tulikuwa tunasoma habari za kondoo."

Tesárek alifungwa miaka miwili na nusu. Alipotoka hakuruhusiwa kupima ardhi wala kuandika. Akapewa kazi ya kuchochea moto kwenye chumba cha boila. Zdislava alimfuata huko mara moja tu, akajitaja jina. Tesárek alijipangusa mkono kwenye suruali kabla ya kumpa.

"Kumbe ni wewe, bibiye? Mimi nilidhani ni mzee mwenye ndevu."

Zdislava akaanza kulia.

"Lia tu, joto la hapa litayakausha," Tesárek akamwambia. "Katika nchi hii nzima wewe ndiye uliyenisoma sawasawa." Akatupa koleo la makaa motoni. "Ila ungenisoma kimya kimya."

Vojmír Tesárek alifariki mwaka 1984, mapafu yakiwa yameharibika. Miaka mitano baadaye utawala ule ukaanguka, uhuru ukaja. Dada yake, Bohdana, akaanza kukitafuta kitabu. Nakala ya nyumba ya uchapishaji ilikuwa imesagwa. Nakala za nyumbani zilichukuliwa siku ya upekuzi, zikachomwa. Bohdana alizunguka kwenye hifadhi za nyaraka mwaka mzima. Alichokipata ni kitu kimoja: kurasa nne za Zdislava Hrubá, zimeshonwa vizuri ndani ya jalada la kesi.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Riwaya haipo. Iliyopo ni ripoti.

Ndipo Bohdana alipopanda ngazi hadi kwa Zdislava, amebeba keki ya mbegu za popi.

"Dada, sikuja kugombana," alisema. "Nataka sentensi moja tu ya kaka yangu. Ya kwanza, ya mwisho, yoyote. Nikaichonge kwenye kaburi lake."

Zdislava alitikisa kichwa.

"Maana ya kila ukurasa ninayo. Sentensi sina."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Bohdana akakata keki, akamsogezea kipande. "Kula. Labda itakuja."

Haikuja. Bohdana alikufa akiwa bado anangoja, na jiwe la kaburi la kaka yake lina jina na miaka tu. Zdislava aliendelea kuitafuta zaidi ya miaka thelathini. Radka alitusimulia hivi: "Shangazi alikuwa akisimama katikati ya kumenya viazi, midomo inacheza. Namuuliza, imekuja? Ananijibu, imekuja, lakini ni yangu, si yake."

Kwako Radka, na kwenu nyote wa ukoo wa Zdislava, poleni sana. Poleni pia ninyi wa ukoo wa Tesárek, maana msiba huu ni wenu vilevile. Sisi hapa studioni hatuna cha kuwarudishia. Tunaweza kukaa nanyi tu.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Vitabu tunavyovipenda, tunavijua, au tunajua tu vina maana gani? Kesho ukikutana na rafiki yako, kabla hujamfafanulia kitabu chochote, mpe sentensi moja kama ilivyo. Kisha nawe uimeze. Ikae ndani yako mahali ambapo hakuna anayeweza kuja kupekua.

Asubuhi tuliomba aliyewahi kuuona mswada wa "Bonde Lisilo na Mwangwi", hata ukurasa mmoja, atupigie simu. Tumepokea simu kumi na nne. Wengine walikuwa wanafunzi wakati huo, mmoja alipewa mswada kwa siku moja na rafiki wa mwandishi. Tulimwuliza kila mmoja anakumbuka nini. Wote kumi na wanne walituambia sufu ni hofu.