Mbuvi na Chupa Iliyoachwa Juani

Mchungaji, majirani wa Ruiru na ndugu mliotoka Kilimambogo, mimi ni Kaleli, shemeji ya marehemu, na familia imeniomba nisome wasifu wake bila mzaha, jambo ambalo kwangu ni kama kumwomba jogoo asiwike, lakini nitajaribu.

Boniface Mbuvi Mutisya alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 huko Kilimambogo, mtoto wa tatu wa Mzee Mutisya na Mama Wayua, akasoma msingi nyumbani, sekondari mjini Thika hadi 1973, kisha kemia chuo kikuu Nairobi, akahitimu 1977, na Januari 1978 akaajiriwa na kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda Thika, idara ya rangi, ambako hakutoka mpaka kifua kilipomtoa.

Alimwoa dada yangu Nzilani tarehe 8 Agosti 1981, wakajaliwa Mwongeli mwaka 1983 na Mwanzia mwaka 1986, wakajenga hapa Ruiru.

Sasa kazi yake, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Nguo nyeusi za kiwanda hicho zilitiwa rangi ya salfa, ambayo haishiki mpaka ipate oksijeni, na oksijeni ilitoka kwa chumvi ya kromi, rangi ya chungwa, tamu kwa macho, iliyowatoboa wafanyakazi ukuta wa pua, naye Mbuvi akatobolewa, akawa akituambia pua yake ni kama nyumba ya kupanga Githurai, vyumba viwili bila ukuta.

Kuanzia 1992 alitafuta njia ya kuifukuza kromi, akaipata kwenye flavini, ndugu wa vitamini B2, ile inayoufanya mkojo wako uwe manjano ukimeza vidonge, akatueleza kwamba ukiitia kidogo pamoja na haidrojeni peroksaidi, hiyo dawa ya kuoshea vidonda, hufanya kama mtu wa mjengo aliye katikati ya mstari wa matofali, hupokea oksijeni, huipitisha kwa rangi, hurudi mikono mitupu kupokea nyingine, na peroksaidi ikimaliza kazi inabaki maji tu. Maabarani kitambaa kilitoka cheusi ti, wakubwa wakaahidi kwamba kikitoka hivyo siku ya maonyesho ya kiwanda, mbele ya mgeni wa heshima, kromi itaondoka.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1994, mgeni alingojwa asubuhi, akafika alasiri, na muda huo wote chupa ya flavini ilikuwa juani, juu ya meza kuu, katikati ya maua ya plastiki, ingawa Mbuvi aliomba mara mbili iwekwe kivulini, kwa sababu jua kali huivunja, meneja akamjibu, "Daktari, kitu cha mgeni hakifichwi." Manjano ilififia mbele ya macho yake, kitambaa kikatoka na madoa ya kijani, watu wakacheka, akaomba akalete nyingine kabatini, akaambiwa pilau inapoa. Kromi ikabaki, na mimi, ambaye nimelipwa miaka mingi kuchekesha watu jukwaani, sijawahi kusikia kicheko kibaya kama hicho.

Aliugua mapafu tangu Mei 1995, akalazwa mara kadhaa, akatuacha Jumanne, tarehe 4 Februari 1997, akiwa nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa Nzilani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa idara ya rangi, ambao nawaona pale nyuma na leso puani. Kiwanda nacho kimetuma shada, pamoja na ombi kwamba tusizike mpaka mkubwa afike, nasi kwa adabu tumengoja tangu asubuhi, hadi kivuli cha hema kikalihama jeneza, na sasa hivi dada yangu ameniambia neno moja, nami nalisoma ingawa halikuandikwa, "Mtoeni juani."

Vijana, shikeni, twende kaburini. Mbuvi, hatungoji mtu tena, pumzika kwa amani, kivulini.