Karavani Juu ya Matofali

Mzanzibari hata umtupe jangwani, kwanza atatafuta pa kukalia anywe kahawa. Sleyum, aliyerudi Omani, nchi ya babu zake, alipopewa karavani na kampuni ya barabara pale Firq, nje kidogo ya Nizwa, alijenga baraza la mawe mbele ya mlango. Baraza likatoka juu mno, mlango ukabaki chini. Kubomoa? Thubutu! Yeye na wenzake walileta jeki, wakatoa magurudumu, wakaipandisha karavani juu ya matofali mpaka mlango ukalingana na baraza, kisha wakapongezana. Ndiyo akili zetu hizo. Leo alasiri, mwaka wa sabini na sita, jabali limejifunika wingu jeusi na upepo unapita chini ya karavani ukiitikisa. Ndani yumo Shukriya, mkewe, na kichanga. Arubaini ya uzazi bado hajaimaliza. Mwezi uliopita upepo kama huu uliibingirisha karavani ya wapimaji wa barabara ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, na mtu akazikwa.

— Usibabaike, Sleyum, alisema Khelef, mwenzake wa barazani, waliyembandika jina la Redio kwa kuwa hakuna habari asiyokuwa nayo. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Karavani haina magurudumu, itakwenda wapi?

— Ya wapimaji ilikuwa na nyenzo gani?

— Ile ilikuwa nyepesi, haina mzigo, yakhe. Yako tuijaze magunia ya mchanga.

— Na mzazi alale wapi?

— Juu ya magunia.

Humoud, dereva wa lori aliyekulia Bujumbura, akatema kokwa ya tende.

— Magunia ya nini? Kitu ni balansi. Fungua madirisha yote, upepo uingie huku utokee kule. Usigombane nao.

— Na mtoto?

— Mtoto mfunge vizuri.

— La, la! Redio alidakia. Tuifunge karavani kwa mnyororo kwenye lori lako.

— Na lori likivutwa?

— Tulifunge kwenye mtende.

— Na mtende?

— Mtende kaupanda Mungu, we bwana!

Wakacheka. Sleyum naye alicheka, halafu akajichukia kwa kucheka.

— Tuishusheni, alisema. Sasa hivi, chini kabisa.

— Jeki iko gereji, na leo Ijumaa, gereji imefungwa, alisema Humoud, safari hii bila mzaha. Na hata ingekuwepo, kuigusa katika upepo huu ni kuisaidia kuanguka.

— Basi nimpeleke msikitini.

— Mzazi? Na damu yake? Astaghfirullah! Humoud aliruka.

— Mvumilivu hula mbivu, Redio alisema.

— Nile nini, Redio? Nile mabati?

Upepo ukapiga. Mtungi wa gesi ukaanguka, karavani ikalia kwa chini, na mtoto akaanza kulia. Sleyum alikimbia kuufunga mtungi. Aliogopa, tena aliogopa sana, na ilimuuma kwamba aliyempandisha mkewe juu ya matofali yale ni yeye mwenyewe, kwa ajili ya baraza.

Hapo lori la maji likasimama. Akashuka Musallam, mwenyeji wa Nizwa, mzee mwenye Kiswahili cha kuokoteza kwa wateja wake. Alimiminiwa kahawa, hakuipokea.

— Mwanamke yumo humo?

— Yumo, Mzee Musallam.

— Mtoeni! Nyumba ya bati na upepo huu? Mpelekeni kwenye nyumba ya mawe.

— Hatuna pa kumpeleka, alisema Sleyum.

Musallam aliwatazama mmoja mmoja, kwa mshangao wa kweli, si wa dharau.

— Nyinyi si Waomani? Si mmerudi kwenu? Ahli zenu, ndugu zenu, wako wapi?

Redio, mwenye habari zote, aliinamia kikombe chake. Humoud alikikaza kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. Sleyum aliwafikiria ami zake wa mjini, na nyumba yao yenye kuta nene. Sikukuu walimlisha halwa, wakamsifia babu yake mpaka akalia, na hakuna aliyemuuliza analala wapi.

Dirisha la karavani likafunguka kidogo.

— Sleyum! Shukriya aliita. Nimekwishafunga nguo za mtoto. Tunakwenda kwa nani?