Mama Pazia, Fundi Aliyetundika Shuka Barazani

Mkokoteni ulikuwa umeshaanza kutembea, wasikilizaji wapendwa. Juu yake kulikuwa na cherehani iliyofunikwa shuka, pasi ya mkaa, na mwanamume mzima aliyekaa kama mzigo, miguu inaning'inia. Mwanamume huyo alikuwa fundi wa nguo, na macho yake yalikuwa yameisha. Nyuma ya mkokoteni alitembea mke wake, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nyuma yake alikuja binti yao, amebeba stuli. Walikuwa wanafukuzwa kwenye baraza la mafundi.

Naanzia hapo kwa sababu binti huyo ndiye aliyetaka. "Mzee mtangazaji, usianze na alizaliwa lini," aliniambia. "Mama mwenyewe alikuwa anasema alizaliwa siku ya mkokoteni."

Mama huyo tumemzika wiki hii. Mji mzima ulimwita Mama Pazia. Alikuwa fundi wa nguo, mwanamke fundi, na ndilo jambo la kumkumbukia leo. Mimi nimetembea sana. Nimeshonewa suruali na mafundi wa kila aina, wengine ungedhani wananipekua. Lakini fundi aliyenishonea suruali ya kunikaa bila kunigusa, nilimpata mmoja tu.

Turudi nyuma kidogo. Mumewe alikuwa fundi wa kutajika. Mikono yake ilipima wake za watu, mabinti za watu, mama wakwe za watu. Futi kifuani, futi kiunoni, futi nyongani. Hakuna aliyesema neno. Aliitwa fundi, basi. Mkewe alikaa nyumbani akishona vifungo na kukunja mapindo, na wala watu hawakujua kwamba nusu ya kazi ni yake.

Kisha macho ya mzee yakaingia ukungu. Siku moja akamkatia bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto. Narudia: mikono miwili, yote ya kushoto. Bwana harusi alilivaa hivyo hivyo, maana harusi haingoji, na kwenye picha amesimama kama mtu anayesimamisha gari. Siku ile mkewe akamwambia, "Baba watoto, sogea. Mimi nitakata, wewe nielekeze."

Ndivyo alivyotoka nyumbani akaenda kukaa barazani, mwanamke mmoja katikati ya mafundi wanaume.

Msidhani alikuwa mwanamke jeuri, wasikilizaji wapendwa. Haya alikuwa nayo. Hata kula mbele ya wageni aliona haya. Siku aliyompima mwanamume kwa mara ya kwanza, dereva wa lori mwenye mapaja kama magunia, alifumba macho. Cherehani zote zilinyamaza. Fundi mmoja akapaza sauti, "Shemeji, polepole! Huyo ana mtekenyo!" Baraza likaangua kicheko. Dereva naye akacheka. Mama jasho lilimtoka, akapima hivyo hivyo.

Jioni maneno yalifika nyumbani kabla yake. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Wifi, mke wa mtu unapigaje magoti mbele ya mwanamume, barabarani?"

"Nilikuwa napima mguu wa suruali, wifi."

"Na huo mguu hauna mwenyewe nyumbani kwake?"

Haikuishia hapo. Mwenyekiti wa mafundi, ambaye kwa ukali wa ulimi wake waliomzoea walimwita Mkasi, akatoa amri. Aache kuwashika wanaume, ama aondoke barazani. Sasa tuelewane. Wanaume ndio walioleta kazi: sare, suruali za kazini, makoti. Bila wanaume hakuna kodi ya chumba, na jiko haliwaki. Kumwambia aache kuwapima ni kumwambia akae njaa kwa adabu. Mama alikunja vitambaa vyake, akaita mkokoteni.

Basi mkokoteni unatembea. Ukafika mwisho wa baraza, kwenye meza ya Mkasi. Na Mkasi mwenyewe alikuwa anampima mwalimu mmoja wa kike. Mikono imemzunguka kifuani. Mwalimu amebana pumzi, macho ameyatupa darini, kama mtu anayengoja sindano ipite.

Mama akamwambia mwenye mkokoteni, "Simama kidogo, kaka."

Kisha akauliza, "Mwenyekiti, huyo ni dada yako?"

"Dada yangu wa wapi? Huyu mteja."

"Na yule dereva wangu alikuwa nani?"

Mkasi akacheka. "Mama, usijifananishe. Wewe mwanamke. Mwanamke ana haya yake."

"Haya ninayo," mama akasema. "Nauliza yako umeiacha wapi."

Binti anasema hapo ndipo mwalimu alipotoa pumzi. "Ilitoka kama tairi," aliniambia. "Halafu mwalimu akamwambia Mkasi, hebu toa mkono kwanza, tusikilize."

Na mzee, kipofu juu ya mkokoteni, akafungua mdomo. "Mkasi, ndugu yangu. Mimi na wewe tumepima vifua vya wake za watu tangu nywele zetu nyeusi. Tukaitwa mafundi. Huyu kapima mguu mmoja, tena kafumba macho, akaitwa majina. Kama ni kosa, ni letu wote. Panda mkokoteni, nafasi ipo."

Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Lakini Mkasi alikuwa na ulimi wake. "Amri ni amri," akasema. "Hapa hatashika mwanamume."

"Sitamshika," mama akajibu.

Akaliondoa shuka lililofunika cherehani. Pembe moja akaifunga kwenye nguzo, nyingine kwenye msumari wa ukutani. Akamshusha mumewe, akamwingiza nyuma ya shuka. "Mikono yako haijapofuka," akamwambia. "Wanaume utawapima wewe, humu ndani. Wanawake nitawapima mimi, humu humu. Hakuna atakayeshikwa mbele za watu."

Mtauliza, kipofu anasomaje futi? Mama alikaa akatia fundo la uzi kwenye kila inchi, na kwenye kila inchi ya kumi akashona kifungo kidogo cha shati. Mzee alisoma kwa kidole gumba. Akishasoma, anatangaza namba kupitia pazia, mkewe anaandika kwa chaki.

Na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mteja wa kwanza alikuwa yule yule dereva wa lori. Mzee akasoma, akanguruma: "Kiuno, arobaini na sita!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakafunika midomo. Ndani ya pazia ikasikika sauti ya kunong'ona: "Mzee, punguza sauti bwana, kuna wake za watu huko nje!"

"Kumbe nawe haya unayo!" mama akamjibu akiwa nje.

Wote walikuwa nayo, wasikilizaji wapendwa. Wale waliosema haya ni ya wanawake sasa walibana matumbo nyuma ya shuka. Mzee alikuwa akiwapiga begani. "Achia pumzi, bwana. Kitambaa hakidanganywi." Mmoja alikataa kuachia. Suruali yake ilipasuka alipoketi, na alikuwa ameketi ukweni.

Mama angeweza kuwacheka maisha yake yote. Hakuwacheka. Alijua kuonewa kulivyo. Akabadilisha utaratibu: mzee asitangaze tena. Ashike fundo kwa vidole, apitishe futi chini ya pazia, mkewe asome mwenyewe. Kimya kimya. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali kwa ajili ya kimya hicho.

Na wanawake je? Mwalimu alikuwa wa kwanza. Juzi alinipigia simu hapa studio, sauti imekuwa ya bibi sasa. "Nilikuwa nimeshonewa nguo tangu msichana," alisema. "Sikujua kwamba mtu anaweza kupimwa huku anapumua." Alileta walimu wenzake, wenzake wakaleta mama zao. Meza ya Mkasi ikabaki na nzi. Mwisho mkewe Mkasi ndiye aliyemwambia, "Mume wangu, tundika shuka na wewe, tutalala njaa." Akatundika. Akamwita dada yake aje awapime wanawake. Mwaka haukuisha, baraza zima lilikuwa na mapazia.

Wifi naye alisema kitu pale msibani. Aliomba asaidiwe kusimama. "Mimi nilimwambia maneno mlangoni," alisema. "Yeye akanishonea gauni. Ndilo hili."

Kuna jambo moja zaidi, na familia ya Mkasi imeniruhusu nilisimulie. Miaka mingi baadaye mzee alikuwa ameshatangulia, na mkwe wa Mama Pazia ndiye aliyewapima wanaume. Siku moja Mkasi akaja kushonewa koti. Maradhi yalikuwa yamemla, amebaki mifupa. Barazani palijaa mafundi wenziwe, na yeye fundi, koti angeweza kujipimia mwenyewe. Alisimama mbele ya meza ya mama, akasema polepole, "Mama, nisingependa wanione." Mama hakumkumbusha kitu. Alinyanyuka, akalivuta pazia mpaka likagusa sakafu.

Kwa binti, mkwe, wajukuu na wifi: poleni sana. Tunawashukuru kwa kutuazima mama yenu. Nanyi mnaonisikiliza, leo usiku waulizeni wa nyumbani kwenu ni wapi wanapobana pumzi. Kisha muwasikilize.

Mwalimu amestaafu, anafuga kuku. Dereva aliacha lori, anauza vipuri, na kiuno chake amekataa kunitajia. Mwenye mkokoteni alinunua mkokoteni wa pili. Mkasi alizikwa mwaka ule ule aliopimwa, na koti lake yuko nalo kijana wake wa kwanza. Wifi anaishi kwa wanawe, hasikii vizuri. Shuka lilichakaa, likakatwa vitambaa vya kufutia mafuta ya cherehani. Pazia la sasa ni la bluu. Binti anakalia stuli ile ile, na futi yenye mafundo iko shingoni mwake. Leo asubuhi amefungua.